Kiingereza cha Mokambo

Novemba 4, Jumamosi

Leo naanza kuandika. Maman Claudine, mwalimu wetu wa Kiingereza, amesema kila mwanafunzi aandike kila siku jambo aliloliona, kwa lugha yoyote, hata mstari mmoja, ili mkono uzoee. Mkono wangu umezoea mifuko. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari kule kwetu Kivu ya Kaskazini, na tangu hapo kalamu naishika nikitia sahihi tu. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu hakitoshi hata kuomba maji.

Jina langu Mumbere. Napakua mizigo katika depo ya patron Jérémie, tajiri wetu, hapa Naviundu, Lubumbashi. Patron ni Mnande wa Kivu kama mimi. Analeta mahindi na unga kutoka Zambia kupitia Mokambo. Mwezi uliopita alitangaza kwamba kabla mvua haijaisha atafungua ghala palepale mpakani, na atahitaji mtu wa kukaa huko kupokea malori. Nyuma ya ghala kuna vyumba viwili vya huyo mtu. Nilipowaona mafundi wakipakia bati za vyumba hivyo nilimfikiria Joséphine, mke wangu. Yuko Butembo na watoto wetu watatu, kwa dada yake, tangu tulipokimbia vita kijijini. Wanalala wote chini ya meza ya cherehani.

Jambo la pili sijamwambia mtu. Mgongo wangu unakwisha.

Wazambia wanasema Kiingereza. Kwa hiyo najifunza Kiingereza.

Novemba 11, Jumamosi

Darasa linafanyika barazani kwa Maman Claudine, mtaa wa Makomeno. Alikuwa mwalimu wa sekondari mpaka alipostaafu. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye amezaliwa hapa. Nilitegemea atatufundisha bei gani, mifuko mingapi, lete karatasi. Akaandika ubaoni neno moja ambalo hata walio mbele yangu kwa miaka miwili hawakulijua: *stevedore*.

Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi nataka maneno ya kazi.

"Papa Mumbere," akasema, "maneno ya soko utayapata ku soko, tena bure. Hapa kwangu tunatafuta yale yenye yamejificha. Na hili ni la kazi. Ni weye."

Akaeleza. Ni mtu anayepakia na kupakua meli. Waingereza walilichukua kwa Wahispania, ambao kwao maana yake ni mtu anayepanga mizigo ikabanana, nao walikuwa wamelipata katika Kilatini, neno la kukandamiza. Nilirudi Naviundu kwa miguu nikilirudia. Sikujua kwamba kazi yangu ina jina lililosafiri namna hiyo.

Kila neno tunatungia sentensi. Sharti lake ni kwamba sentensi iwe ya kweli, ya jambo ulilolifanya au kuliona. Mwanafunzi aliyeandika kwamba ana ndege ya binafsi alirudishiwa daftari bila alama. Maman Claudine anasema neno geni halikai juu ya uongo.

Novemba 14

Mvua tangu asubuhi. Malori mawili.

Nieleze tunavyofanya kazi. Mmoja anapanda juu ya mzigo. Sisi wengine tunapita chini yake kwa mstari, kila mtu anainama, anawekewa mfuko begani, anaingia ndani. Aliye juu ni Chomba. Ni mtu wa hapahapa, mama yake Mlamba, baba yake Mbemba, na kila jiwe la mto Naviundu analijua. Wengine anawawekea mfuko mara moja na wanapita. Mimi nikifika ananiacha nimeinama. Anafukua, anasogeza, anapiga mluzi. Nasimama pale kama mbuzi anayesubiri kufungwa kamba, nyuma yangu wananung'unika.

"Muzungu," ananiita tangu alipojua nasoma. "Ngoja, Muzungu. Kwenu Londres hamujuake kungoja?"

Wote wanacheka. Mimi sicheki.

Novemba 15

Mvua. Mgongo.

Novemba 18, Jumamosi

Neno: *curfew*. Maman Claudine aliuliza nani analijua. Nikamwambia silijui, lakini alipolieleza niliona nalijua kuliko wote. Ni *couvre-feu* yetu ile ile, amri ya kutotoka nje usiku. Waingereza waliisikia kwa Wafaransa wakaitafuna mpaka ikawa hivyo. Zamani kengele ilipigwa jioni ili kila nyumba ifunike moto wake usiunguze mji.

Sentensi yangu: kwetu moto ulifunikwa ili tusionekane. Aliisoma, akaniuliza kama ni ya kweli. Nikasema ndiyo. Akaandika alama kamili.

Novemba 27

Chomba ameniacha nimeinama mpaka jasho likadondoka chini ya pua yangu. Nilimwambia kama ana neno na mimi ashuke tulimalize. Akaniwekea mfuko. Michée, mkubwa wa timu yetu, alinivuta kando akaniambia nisigombane na mtu aliye juu ya mzigo.

Watu wa hapa wanatuona sisi wa Kivu tumekuja kuwanyang'anya kazi. Ndivyo ninavyoona.

Desemba 9, Jumamosi

*Sojourn*. Kukaa mahali kwa muda. Ndani yake kuna neno la Kilatini la siku. Mtu anayekaa leo, kesho anaondoka. Kifaransa kina ndugu yake, *séjour*, lile linaloandikwa kwenye karatasi za wageni.

Nimekaa Lubumbashi mwaka wa tatu. Sina hakika kama neno hili bado ni langu.

Desemba 12

Joséphine alipiga simu. Mtoto wetu mdogo, Graciella, ameng'oka meno ya mbele ya utoto, mapya yameota, na mimi sikuyaona yalipotoka. Nilimwambia habari ya ghala la Mokambo, na vyumba viwili. Sikumwambia kwamba nimeomba tu, sijajibiwa. Nilisema kama jambo linalokuja.

Desemba 21

Leo nimeshindwa kunyooka baada ya lori la kwanza. Nilijifanya natafuta kitu chini. Nilitafuta kwa muda mrefu.

Desemba 25

Mvua kanisani mpaka hatukusikia mahubiri. Nilikula kwa Michée wali na kuku.

Januari 6, Jumamosi

Maman Claudine aliniona ninavyokaa kwenye benchi, upande mmoja. Akaandika *lumbago*, na kuchora kiuno cha mtu ubaoni. Alisema ni Kilatini kitupu, kiuno, na madaktari wa lugha zote wameliacha lilivyo, hakuna aliyetaka kulibadilisha. Darasa zima liliandika sentensi juu ya bibi zao. Mimi niliandika: nina *lumbago*, na patron wangu hajui. Nilipompa daftari nilitaka kulirudisha, lakini lilikuwa tayari mkononi mwake.

Mwisho wa somo aliniambia polepole, "Papa, ile sentensi ni muzuri. Lakini uiseme na kwa mwenye anapashwa kuisikia."

Januari 16

Lazima niandike yote ya leo.

Mvua ya usiku iliingia chini ya turubai la lori lililotoka Mokambo. Mfuko wa mahindi ukinywa maji unakuwa jiwe. Tulianza, na mwenzetu aliyekuwa mbele yangu alipopewa wake alipiga goti. Nikafika mimi. Chomba akaniacha nimeinama, akaanza kufukua kama kawaida yake. Nikanyooka nikamwambia mbele ya wote nimechoka kufanywa mchezo, aniwekee wa juu kama anavyowawekea wengine. Akasema, "Inama, yaya," kama wanavyomwita kaka mkubwa hapa. Nikasema sitainama mpaka anipe ule wa juu. Akautazama, akanitazama, akakataa kwa kichwa.

Ndipo Michée akaja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli mimi ni mjinga au najifanya. Akaushika ule mfuko wa juu, akaniambia niuguse. Ulikuwa unachuruzika. Akaniambia niingize mkono ndani ya mzigo, pale Chomba alipofukua. Pakavu kabisa.

"Tangu mwezi wa kumi na moja anakutafutia bikavu," Michée akasema. "Bya maji anatupatia siye. Tulijua mugongo yako siku nyingi. Unafikiri hatuna macho?"

Niliinama. Chomba akaniwekea mfuko begani. Ulikuwa mwepesi kama mfuko unavyopaswa kuwa. Sikumbuki nilivyofika ndani.

Jioni nilimtafuta tunawe mikono pamoja kwenye bomba. Nilimsogezea sabuni. Yeye akasema, "Leo Muzungu alikasirika sana," akacheka, akaenda zake.

Januari 17

Nimesoma tena nilichoandika Novemba 27. Sitakifuta.

Januari 27, Jumamosi

Neno la leo ni *denizen*. Maana yake mkaaji. Limetoka katika Kifaransa cha zamani, neno la ndani. *Denizen* ni yule aliye ndani, na mgeni ni aliye mlangoni. Baadaye Waingereza wakalitumia hata kwa mgeni aliyekubaliwa kuwa kama mwenyeji.

Maman Claudine alikaa, kitu ambacho hafanyi akifundisha. Alisema miaka ile ya tisini watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa hapa Katanga, yeye na wazazi wake walilala kwenye stesheni wakingoja treni ya kwenda nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Baba yake alifia njiani. Baada ya miaka alirudi hapa Makomeno, akakuta jirani, mama Mlamba, amemtunzia vyungu na kamusi yake kubwa, vimefungwa ndani ya gunia. Kamusi ndiyo hii anayotufundishia.

"Nani alikuwa *denizen* hapo?" akatuuliza. "Mimi? Ule mama? Muandike sentensi."

Sikuandika kitu. Nilimfikiria Chomba juu ya lori.

Februari 6

Patron ameniita. Lori la David, dereva wa Kizambia, linakwenda Mokambo kesho kuchukua mahindi. Nitakwenda nalo, na Chomba atakuja kupakia. Ni majaribio yangu. Patron alisema ghala analitaka mikononi mwa mtu wa kwetu.

Februari 8

Tumerudi.

Njia ni tope tupu. Nilikaa katikati, nikirudia sentensi zangu moyoni. Kumbe David mwenyewe na Chomba walianza kuongea tangu tulipotoka mjini, wakacheka njia nzima, kwa Kibemba. Nikamwuliza David kwa Kiingereza kama amelala vizuri. Alinijibu vizuri sana, kwa heshima, kama mtu anavyomjibu padri, kisha akarudi kwenye Kibemba chake.

Mokambo niliwasalimu wote kwa Kiingereza. Mwenye mahindi ni mama mnene, anatoka upande wa Zambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka akamuuliza Chomba kitu, na Chomba akajibu, na wote waliokuwepo wakacheka, hata askari. Wabeba mizigo, madereva, wauza vitumbua, pande zote mbili za kizuizi, ni Kibemba tu. Wana Kiingereza cha kuandikia karatasi za ofisi. Cha kugombana, cha kupatana, cha kuulizana habari za watoto, hapana. Miezi yote hii ningeweza kumuuliza Chomba anifundishe, tulikuwa tunanawa bomba moja. Sikuwahi kufikiria kwamba lugha ya mpagazi mwenzangu ndiyo ya kazi.

Tulipofungua mzigo, mifuko mingi ya chini ilikuwa na maji. Mama mnene akakataa kubadilisha. Mimi nilikuwa na maneno ya ajabu kichwani na hata moja halikusaidia. Chomba alikaa chini kando ya yule mama, juu ya mfuko uliolowa, akamwuliza ukoo wake. Wakakuta wanataniana, koo zao ni za utani tangu mababu. Akamtukana, naye akamtukana, akamwita mwizi wa mahindi, naye akamwita mtumwa wake. Basi, mifuko ikabadilishwa yote, na tukapewa na vitumbua.

Usiku tulilala ghalani. Niliviona vile vyumba viwili. Kimoja kina dirisha la kuangalia barabara.

Leo jioni tulipofika patron alituuliza mbele ya timu nani alimaliza ile shida ya mifuko, maana David alishamwambia kulikuwa na shida. Kabla sijafungua mdomo Chomba akasema, "Ni Mumbere, patron. Aliongea Kingereza moja ya nguvu, ule mama akaogopa."

Patron akanishika bega. Kazi ni yako, akasema. Utahamia baada ya mwezi huu.

Nilimkuta Chomba akikunja turubai. Nikamwuliza kwa nini.

"Miye niko na mugongo, yaya," akasema. "Weye hauna tena."

Februari 9

Nimempigia Joséphine. Alilia. Akasema atajipanga.

Februari 12

Mvua. Chomba ananifukulia. Sasa naona aibu kuinama.

Februari 13

Mvua.

Februari 14

Michée ameniambia jambo bila mimi kumuuliza. Chomba naye aliomba kazi ya Mokambo, Oktoba, kabla yangu. Alitaka kuwa karibu na mama yake, anayekaa ng'ambo ya mpaka na haoni tena vizuri. Patron alimjibu kwamba akimweka mwenye nchi pale, kesho ghala litakuwa la ukoo wake.

Februari 17, Jumamosi

*Bereave*. Maman Claudine alisema siku hizi Waingereza wanalitumia kwa msiba tu, mtu aliyefiwa. Lakini zamani, kabla halijavaa nguo nyeusi, lilikuwa neno la kunyang'anya, kuchukua kwa nguvu cha mtu mwingine, na lina undugu na neno lao la wizi. Aliyefiwa ni mtu aliyeibiwa.

Wengine waliandika haraka. Kila mmoja wetu ana wafu wake, na mimi pia ninao, kaka yangu na watoto wake. Nilianza kumwandika. Lakini kichwa kilirudi kwenye maana ile ya zamani, na kila nilipojaribu sentensi nyingine mkono haukwenda, kwa sababu ya lile sharti la ukweli. Mwishoni niliandika kwa Kiingereza kibovu kwamba nimemnyang'anya Chomba nyumba iliyo karibu na mama yake. Maman Claudine alisoma. Ana desturi ya kusahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu. Safari hii hakusahihisha chochote, alifunga daftari na kunirudishia kwa mikono miwili.

Februari 19

Nimekwenda kwa patron.

Alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia kwamba mifuko aliibadilisha Chomba, kwa Kibemba, na kwamba Mokambo Kiingereza changu hakiwezi kununua hata chumvi. Nikamwambia lori la kwanza tu litakalokuwa na shida nitakaa kama kisiki na hasara itakuwa yake. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na mgongo.

Alisukuma kikombe kando. Akaanza kusema Kinande, lugha ya nyumbani, ambayo hajawahi kunisemesha kazini. Aliniuliza kama najua ni wangapi wa kwetu wanaililia kazi hiyo, na kama nimefikiri kuhusu watoto wangu. Nikasema sijafikiri kitu kingine. Akaniuliza kama namwamini huyu Chomba.

Nikamjibu kwamba tangu mwezi wa kumi na moja amekuwa akichagua nani abebe nini, na mifuko mikavu amempa mtu wa Kivu, si ndugu yake.

"Umenitia katika aibu," akasema patron. "Toka. Nitafikiri."

Februari 22

Chomba ndiye anakwenda Mokambo. Mimi nimetolewa kwenye mstari, nitashona mifuko iliyopasuka, kwa malipo ya mshonaji. Ni pungufu, lakini nakaa.

Chomba alinijia amekasirika kweli. Aliniuliza nani alinituma kufungua mdomo, na sasa mke wangu atalala wapi, ndani ya kamusi ya mwalimu wangu? Nikasema nitamweleza mke wangu. Akatukana kwa Kibemba. Nikamwambia anifundishe maana ya alichosema. Akakataa, halafu akanifundisha.

Februari 24, Jumamosi

Sikwenda darasani. Nimempigia Joséphine tangu asubuhi, simu haipatikani.

Februari 25

Haipatikani.

Februari 26

Nimempata dada yake. Joséphine ameondoka na watoto siku tatu zilizopita, wanakuja huku. Hakutaka nijue mpaka wafike mbali, ili nisimzuie kwa hofu ya njia.

Nimekaa juu ya rundo la mifuko. Sindano ilinidondoka, sikuitafuta.

Februari 27

Amepiga mwenyewe kwa simu ya kuazima. Wameshavuka mpaka wa Kasindi, wako Uganda, watazunguka kwa Tanzania na Zambia, watoto wamelala juu ya mizigo. Nilimwambia yote kwa mara moja, kwa kuogopa muda wa simu kwisha: vyumba havipo, kazi imepungua, mgongo umeharibika, na nilimdanganya tangu Desemba. Nikamwambia kama anataka kurudi, arudi sasa, bado si mbali.

Nilisikia magari upande wake.

"Mumbere," akasema, "nimeshauza kitanda. Nirudi nilale juu ya nini?"

Nikaanza tena habari ya mgongo.

"Tafuta pa kutulaza. Huo mugongo nitauona nikifika."

Machi 2, Jumamosi

Mvua ndogo, ya mwisho mwisho. Nilimwambia Maman Claudine sitakuja kwa muda, natafuta chumba. Aliuliza mtaa kwa mtaa nimeshafika wapi, akanitajia watu wawili wa kuwauliza. Leo hakuandika neno ubaoni. Alisema hakupata lililomfaa.

Machi 5

Chumba cha kwanza kimeshachukuliwa. Cha pili hakina paa upande mmoja.

Machi 7

Leo baada ya kazi nilikwenda kando ya mto, kwa mama mmoja anaitwa Simone, anayekaanga samaki mbele ya uwanja wake. Nyuma ana chumba kimoja cha matofali mabichi, kikubwa, sakafu ya udongo, na jiko la nje. Nilisimama mlangoni nikakipima kwa macho, nikaona pa kuweka mkeka wa watoto na pa kuweka wetu.

Maman Simone aliifunika sufuria yake, akafuta mikono, akanitazama kuanzia viatu.

"Uko Munande?" akauliza.

"Ndiyo, maman."

"Mwanaume peke yake miye simupangishe. Wanaletaka matata. Uko peke yako?"

Miaka mitatu kila mwenye nyumba ameniuliza hivyo, na kila mara nimejibu ndiyo.

"Hapana, maman," nikasema. "Tuko watano. Wengine wako njiani."